Nafasi Imetangazwa Tena: Uhadhiri wa Usikivu na Usemi kati ya Maabara na Kliniki

Tangazo la kazi ya uhadhiri katika sayansi ya usikivu na usemi lina sura yake. Ukishasoma mawili matatu, la nne utalitambua hata likifichwa jina la chuo. Anatakiwa mtu mwenye shahada ya uzamivu. Awe pia na leseni ya kutibu. Awe amechapisha, na aonyeshe kwamba ruzuku za utafiti anaweza kuzipata. Afundishe, asimamie tasnifu, na zamu ikimfikia aingie kliniki kukaa na wanafunzi wanapowahudumia wagonjwa. Mwisho huja mstari mfupi: maombi yatapokewa mpaka nafasi ijazwe. Anayeijua taaluma hii huanza kusoma kwa huo mstari wa mwisho, maana ndio unaosema ukweli. Si ajabu kulikuta tangazo hilohilo tena mwaka unaofuata, limebadilishwa tarehe tu.

Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka. Hapa anatafutwa wa kushika manne, na watu wa namna hiyo ni wa kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana limezuka swali ambalo wakuu wa idara huligusa kwa tahadhari: mtabibu wa usemi aliyekaa kliniki miaka 20, kwa nini asipewe kiti kamili, chenye cheo na ajira ya kudumu, hata kama uzamivu hana? Wapo wanaolisikia kama tusi kwa chuo kikuu. Wapo pia wanaoshangaa tu kwamba limechelewa kuulizwa.

Taaluma yenyewe ina wazazi wawili, na kila mmoja anadai mtoto amefanana naye. Wa kwanza ni maabara. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, mwanasaikolojia Carl Seashore alimwandaa kijana Lee Edward Travis kwa makusudi ili awe mtaalamu wa matatizo ya usemi. Travis alipata uzamivu mwaka 1924, na mwaka uliofuata kikaanzishwa chama ambacho leo ndicho jumuiya kubwa ya wataalamu wa usemi, lugha na usikivu nchini Marekani. Mzazi wa pili ni wodi. Vita Kuu ya Pili iliwarudisha nyumbani askari wengi walioharibika masikio, na Raymond Carhart, aliyewahudumia katika hospitali ya jeshi ya Deshon, alirudi Chuo Kikuu cha Northwestern na maswali aliyoyaokota kwao, akajenga somo la audiolojia, yaani sayansi ya usikivu na matatizo yake. Ila naye, nisisahau kusema, uzamivu alikuwa nao kabla ya vita.

Wanaolishikilia sharti la uzamivu wana hoja nzito kuliko heshima ya joho. Kliniki hurithishana mazoea, na mazoea hayajihoji. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Gregory Lof na Maggie Watson, walichapisha matokeo ya dodoso lililoonyesha kwamba asilimia 85 ya watabibu wa usemi waliojibu walikuwa wakiwapa watoto mazoezi ya mdomo yasiyo na usemi ndani yake: kupuliza filimbi, kuvimbisha mashavu, kusukuma ulimi huku na huku, kwa matumaini kwamba mtoto asiyeweza kutamka sauti fulani ataiweza. Ushahidi wa kuunga mkono imani hiyo haukuwepo. Watu hawa hawakuwa wazembe. Walifanya walivyofundishwa, kwenye warsha na kwa wenzao. Mwenye wagonjwa wanane kwa siku hana nafasi ya kukaa chini na kuuliza kama filimbi inafanya kazi. Lazima awepo mtu anayelipwa kuuliza, na aliyefundwa namna ya kuuliza bila kujidanganya.

Mfano wa pili ninaupenda zaidi kwa sababu unakataa kukaa upande mmoja. Georg von Békésy alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza jinsi wimbi linavyosafiri ndani ya koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kinachopokea sauti, lakini masikio aliyoyapima yalikuwa ya maiti. Thomas Gold, mtu wa fizikia, alikuwa ametabiri tangu 1948 kwamba sikio hai linaongeza nguvu yake lenyewe, hakusikilizwa. Miaka 30 baadaye David Kemp alinasa mwangwi mdogo unaotoka ndani ya sikio la mtu mzima wa afya baada ya kupigiwa mlio. Wakubwa wa fani walikuwa wagumu kuamini. Leo kizibo kidogo chenye kipaza sauti huwekwa sikioni mwa mtoto mchanga aliyelala, mlio hupigwa, koklea iliyo nzima hurudisha mwangwi, na kwa muda mfupi hujulikana kama mtoto huyo anahitaji kuchunguzwa zaidi. Wapenda maabara huutaja mfano huu kama wao: hakuna mgonjwa aliyeuomba ugunduzi huo. Kweli. Lakini Kemp hakuufanya kwenye mnara wa chuo. Alikuwa mwanafizikia akifanya kazi hospitalini London, katika hospitali ya koo, pua na masikio, akizungukwa na watu waliokuja kupimwa.

Hoja ya tatu ni ya lugha, na kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo iliyo karibu kuliko zote. Kipimo cha lugha ya mtoto anayezungumza Kiingereza kitauliza kama anatia alama ya wingi mwishoni mwa nomino. Ukikitafsiri, umepima hewa. Mtoto wa Kiswahili kazi yake ni nyingine: aseme «kitabu changu kimepotea» bila kuteleza kwenda «yangu imepotea», aimudu «m» ya «mtoto» inayosimama kama silabi nzima, atamke «mb» na «nd» mwanzoni mwa neno. Akiwa na miaka 3 na nusu akakosea ngeli, je, amechelewa au bado yuko ndani ya umri wake? Hilo halijibiwi kwa uzoefu wa mtabibu mmoja, hata awe hodari vipi, kwa sababu kliniki anawaona waliochelewa tu. Linajibiwa kwa kuwarekodi watoto wengi wasio na tatizo, umri kwa umri, kisha kuhesabu. Hiyo ni kazi ya miaka, na kazi ya miaka huhitaji kiti.

Upande wa pili nao una hesabu zake, na si za huruma.

Tuchukue Marekani, ambako kanuni zimeandikwa wazi. Mwanafunzi wa tiba ya usemi anatakiwa kukamilisha saa 400 za mafunzo kwa vitendo, 375 kati ya hizo za kuwahudumia wagonjwa moja kwa moja. Msimamizi lazima awepo kwa angalau robo ya muda ambao mwanafunzi anautumia na kila mgonjwa. Zidisha kwa darasa la watu 30. Hapo utaona kwamba mhimili wa programu nzima ni yule aliyeketi nyuma ya kioo cha upande mmoja, anayeandika maoni, anayeingia mwanafunzi anapokwama kwa sababu mzee aliyepata kiharusi ameanza kulia akitafuta jina la mkewe. Kulia huko hakumo kwenye mtaala. Namna ya kukaa kimya sekunde kumi ili mgonjwa alipate neno mwenyewe hufundishwa kwa kuonyeshwa, na anayeonyesha huwa na mkataba wa mwaka mmoja au mitatu, mshahara mdogo kuliko wa mwenzake wa maabara, na jina la cheo lenye neno «kliniki» mbele yake ili pasiwe na utata.

Kisha kuna bei ya uzamivu wenyewe. Mtaalamu wa usikivu Marekani huingia kazini siku hizi akiwa na shahada ya udaktari wa kitaalamu, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4 baada ya shahada ya kwanza. Tayari anaitwa daktari. Tayari ana deni la masomo. Unamwendea unamwambia atoke kwenye mshahara wa kliniki, aishi kwa posho ya mwanafunzi miaka mingine minne au mitano, kisha aanze uhadhiri wa majaribio ambao kwa kawaida humpa miaka kama sita kuthibitisha kwamba anastahili kubaki. Katika tiba ya usemi zaidi ya asilimia 90 ya watabibu wa nchi hiyo ni wanawake, na miaka hiyo ndiyo hasa ambayo wengi wao wanazaa na kulea. Wanaosema «vijana wa siku hizi hawapendi utafiti» wangefanya hesabu hii kwanza. Mimi nashangaa kwamba wapo wanaokubali.

Ujerumani inatoa ushahidi wa aina nyingine. Huko wataalamu wengi wa logopedia, ndiyo tiba ya usemi, wamefunzwa katika shule za ufundi kwa miaka 3, nje ya vyuo vikuu, na wagonjwa wanahudumiwa. Kwa hiyo dai kwamba bila maprofesa kliniki zitaanguka halisimami. Lakini tazama wanachokidai wenyewe: chama chao kimekuwa kikisukuma mafunzo yote yahamie chuo kikuu, kwa kuwa taaluma isiyozalisha maarifa yake hupangiwa kazi na taaluma nyingine. Nani aliwaonyesha hasara hiyo? Watabibu, si maprofesa.

Kuna kisa kimoja ambacho kila upande hukivuta kwake. Mwaka 1939, palepale Iowa, mwanafunzi wa uzamili Mary Tudor, chini ya usimamizi wa Wendell Johnson, alifanya jaribio kwa watoto 22 wa kituo cha mayatima. Baadhi yao, wenye usemi wa kawaida kabisa, waliambiwa kwamba wameanza kupata kigugumizi. Tasnifu ikakaa kwenye rafu za maktaba. Gazeti lilipoifichua mwaka 2001 chuo kiliomba radhi, na mwaka 2007 jimbo likakubali kulipa dola 925,000. Wapinzani wa maabara husema: haya ndiyo ya mtafiti asiye na wajibu kwa mgonjwa. Hoja inavutia, ila inajikwaa kwa Johnson mwenyewe, aliyekuwa na kigugumizi maisha yake yote na aliyewasaidia wenye kigugumizi wengi. Ninachokiona mimi ni chembamba zaidi. Katika chumba kile hakuwepo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwa upande wa mtoto, na mwenye cheo cha kutosha kumwambia profesa basi.

Ndiyo maana naegemea hapa. Sharti la uzamivu libaki kwa anayeongoza utafiti na kusimamia watafiti chipukizi. Kulilegeza hapo ni kurudi kwenye filimbi. Lakini mwalimu wa kliniki apate ngazi yake hadi uprofesa kamili, ya kudumu, inayopimwa kwa kazi anayoifanya. Najua jibu la wahasibu wa vyuo, na linanitisha kidogo: wakishapata mwalimu anayefundisha saa nyingi na asiyedai maabara, watamwajiri huyo tu. Nchini Marekani breki ipo tayari, kwa sababu baraza la ithibati hutaka sehemu kubwa ya masomo ya darasani ifundishwe na wenye uzamivu au shahada ya kiwango hicho. Pasipo na breki hiyo, ngazi ya pili inaweza kuimeza ya kwanza.

Njia ya kuvuka kutoka kliniki kwenda utafiti ni suala jingine, na fedha kidogo ingefanya mengi kuliko mikutano. Marekani ina taasisi ya taifa ya utafiti wa uziwi na matatizo ya mawasiliano tangu 1988, yenye ruzuku za kuwafunza watafiti. Posho yake haifikii mshahara wa kliniki, lakini ipo. Kwingine mtabibu huandika tasnifu usiku, baada ya mgonjwa wa mwisho.

Nirudi kwa yule mtoto wa ngeli. Tuseme mtabibu ana rekodi za miaka kumi kwenye droo, na mwanaisimu wa chuoni ana mbinu za kuzichambua lakini hajawahi kukaa sakafuni na mtoto wa miaka 3. Wakifanya kazi pamoja, makala itatoka. Fomu ya kupandishwa cheo itamuuliza mwanaisimu kama yeye ndiye mwandishi wa kwanza. Mtabibu hana fomu ya kujaza.