Chesi na watu waliofichwa ndani yake

Kitu ambacho mi nakipenda kwenye chesi ni kwamba hakuna cha kuficha. Kete zote 32 ziko wazi ubaoni, hakuna karata ya mkononi, hakuna dadu, kila unachokiona wewe mwenzako naye anakiona, ukifungwa umefungwa kwa akili. Sasa ajabu ni kwamba ukianza kufuatilia historia ya mchezo wenyewe unakuta imejaa watu waliofichwa, na naona hao ndio wanastahili kusimuliwa kuliko ile orodha ya mabingwa tunayokaririshana kila siku.

Tuanze na kabati moja la ajabu. Mwaka 1770 kule Vienna, Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Maria Theresa, mtawala wa Austria, sanamu la mtu mwenye kilemba limekaa nyuma ya kabati, juu ya kabati kuna ubao wa chesi, na sanamu linacheza lenyewe, linanyoosha mkono linashika kete linasogeza. Kabla ya mchezo milango ya kabati ilifunguliwa mmoja mmoja, watu wanachungulia wanaona magurudumu ya meno na mitambo, wanaridhika kwamba ni mashine. Limezunguka Ulaya na baadaye Marekani kwa miaka na miaka, likawafunga watu wengi tu, na Napoleon alicheza nalo mwaka 1809. Wanasimulia kwamba alisogeza kete kinyume cha sheria makusudi, sanamu likairudisha, akarudia likaiondoa ubaoni, alipofanya tena likafagia ubao mzima kwa mkono.

Ndani kulikuwa na mtu. Mchezaji mzuri kabisa amejikunja kwenye kiti kinachoteleza, mlango wa upande huu ukifunguliwa anasogea upande ule. Ukishafungwa anawasha mshumaa, moshi unatokea juu kwenye kilemba, na hiyo harufu ya mshumaa ilifichwa kwa kuweka mishumaa mingine ukumbini. Kete zilikuwa na sumaku, na chini ya kila nyumba ya ubao kuna kipande cha chuma kinaning'inia, kete ikiwekwa kinavutwa juu ikiinuliwa kinashuka, hivyo jamaa anaangalia juu anajua adui kasogeza nini, anakifuatisha kwenye kiubao chake kidogo pale kwenye mwanga wa mshumaa halafu anaendesha mkono wa sanamu. Hebu fikiria unacheza chesi ya maana katika hali hiyo, na ukishinda makofi yanapigiwa kabati!

Waliojificha humo kwa nyakati tofauti walikuwa kadhaa, na wengine majina yao tunayajua. Jacques Mouret ndiye aliyekuja kuvujisha siri kwenye gazeti la Ufaransa mwaka 1834. William Schlumberger alifia Havana mwaka 1838 kwa homa ya manjano, wakiwa kwenye ziara na hilo hilo kabati. Kabati lenyewe liliteketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Na mwaka 2005 kampuni ya Amazon ilipoanzisha huduma ya kuwapa watu vijikazi ambavyo kompyuta haiviwezi, ilichukua jina la sanamu lile lile, Mechanical Turk (Mturuki wa mashine), kwa hiyo mtu ndani ya mashine bado ana kazi mpaka leo.

Halafu ona mambo yalivyogeuka. Mwaka 1997 Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, ilimfunga Kasparov, bingwa wa dunia, kwa pointi 3.5 kwa 2.5, safari hii ni mashine kweli, lakini baada ya mchezo wa pili Kasparov akawa na wasiwasi kwamba kuna binadamu ameingilia, maana mashine ilicheza kiutu mno. Miaka tisa baadaye kule Elista, Urusi, Kramnik na Topalov wanagombea ubingwa wa dunia, upande wa Topalov ukalalamika kwamba Kramnik anaenda chooni mara nyingi mno, kana kwamba huko anasaidiwa na kompyuta, vyoo binafsi vya wachezaji vikafungwa, Kramnik akagoma kucheza mchezo wa tano akapewa amepoteza, na mwisho wa yote akatwaa ubingwa kwenye michezo ya haraka ya kuamua mshindi. Hakuna kosa lililothibitishwa. Sasa anayetafutwa ni mashine iliyofichwa na mtu, ndio maana wachezaji wakubwa leo wanapitishiwa kifaa cha kugundua vyuma kabla hawajakaa mezani.

Hata sheria zenyewe waliozitengeneza hawajulikani. Malkia zamani alikuwa kete dhaifu tu, anasogea nyumba moja mshazari basi, mpaka mwishoni mwa karne ya 15 huko Hispania na Italia akapewa nguvu alizonazo leo, na hakuna jina la mtu tunaloweza kulitaja tukasema huyu ndiye alibuni. Farasi yeye anaruka vile vile tangu mchezo uko India.

Ila aliyenigusa kuliko wote ni Mir Sultan Khan, mtu wa Punjab. Alijifunza chesi ya Kihindi, ambayo sheria zake zilitofautiana na za Ulaya, akapelekwa London na tajiri wake Sir Umar Hayat Khan mwaka 1929, na mwaka huo huo akawa bingwa wa Uingereza! Akarudia 1932 na 1933. Kule Hastings, mji wa Uingereza, kwenye mashindano ya 1930/31, akamfunga Capablanca aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Mchezaji wa Marekani Reuben Fine aliandika kwamba timu yao ilipoalikwa chakula nyumbani kwa Sir Umar, aliyekuwa anawahudumia mezani ni Sultan Khan mwenyewe. Yaani mmoja wa wachezaji bora duniani kwa wakati ule anawabebea sahani wageni ambao ubaoni wanamwogopa. Mwisho wa 1933 tajiri akarudi India, naye akaondoka, na kwenye mashindano makubwa hakuonekana tena mpaka anafariki 1966. Cheo cha grandmaster, ndicho cha juu kabisa kwenye chesi, FIDE (shirikisho la chesi la dunia) ilianza kukitoa 1950, akiwa hai kabisa, na hakupewa. Alipewa cha heshima mwaka 2024, miaka 58 baada ya kufa. Nimefurahi wamempa, lakini inauma, maana cheo cha namna hii raha yake ni mtu mwenyewe akisikie akiwa hai.

Na kuna jambo wanaomsimulia Sultan Khan wengi wanaliruka. Mwaka ule ule wa 1933, kwenye nyumba ile ile ya Sir Umar, kulikuwa na binti mtumishi aitwaye Fatima. Naye aliingia mashindano ya wanawake ya Uingereza, yaliyofanyika Hastings, akachukua ubingwa. Nyumba moja, mwaka mmoja, mabingwa wawili wa nchi, na wote wako chini ya tajiri mmoja. Kwenye kumbukumbu anaandikwa Miss Fatima basi, hata jina la baba hamna. Watu wa vitabu vya chesi wanachambua hatua za Capablanca moja baada ya nyingine mpaka leo, basi wamtafute na Fatima, michezo yake aliyoshinda Hastings iwekwe mahali watu waione.