Mshipa wa ini ulioziba: dawa ya kuzuia damu kuganda itolewe au isitolewe?

Mgonjwa wa saratani ya ini anapoambiwa kwamba vena ya porta, inayoliletea ini takriban robo tatu ya damu yake kutoka utumbo na wengu, imeziba, familia huuliza mara moja kwa nini hapewi dawa ya kuzuia damu kuganda. Kabla ya kujibu hilo, ijulikane kwanza kilichoziba ni nini: damu iliyoganda, au saratani yenyewe iliyopenya ndani ya mshipa.

Picha za CT au MRI zenye dawa ya kung'arisha mishipa husaidia kutofautisha. Bonge la saratani lina mishipa yake midogo, hivyo hung'aa dawa inapopita kwenye ateri. Damu iliyoganda haing'ai. Ikiwa ni saratani, mfumo wa Barcelona wa kupanga hatua za saratani ya ini huuweka ugonjwa katika hatua ya C, yaani saratani iliyosonga mbele, na dawa za kuzuia kuganda haziwezi kuiondoa.

Ubishi wenyewe unahusu damu iliyoganda tu. Wanaosita wana sababu nzito: wengi wa wagonjwa hawa wana sirosisi (ini lililojaa makovu), chembe sahani zao, zinazosaidia damu kuganda, zimepungua, na shinikizo ndani ya porta limevimbisha mishipa ya umio, ambayo ikipasuka huweza kuua kwa saa chache. Bevacizumab, inayotumika dhidi ya saratani hiyo, nayo huongeza hatari ya kuvuja damu. Lakini mshipa ukiachwa umeziba, shinikizo hilohilo hupanda, bonge huweza kuenea hadi mishipa ya utumbo, na upandikizaji wa ini huwa mgumu zaidi. Tena, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kikipanda hakimkingi mgonjwa dhidi ya damu kuganda, kwa kuwa ini lililodhoofika hupunguza protini za kugandisha damu pamoja na zile za kuzuia kuganda.

Kwa maoni yangu, bonge jipya au linaloenea, hasa kwa anayesubiri upandikizaji, litibiwe, mradi umio umechunguzwa kwa endoskopi (kamera inayoingizwa kupitia mdomoni) na mishipa iliyovimba imeshughulikiwa kwanza. Bonge dogo la zamani kwa mgonjwa ambaye saratani yake imeenea sana laweza kufuatiliwa kwa picha tu. Uchaguzi wa dawa nao unataka uangalifu: rivaroxaban haifai ini lililofikia daraja la B au C la Child-Pugh (kipimo cha udhaifu wa ini, A hadi C, C ikiwa mbaya zaidi), na warfarini ni vigumu kuipima INR inapokuwa imepanda tangu mwanzo, ndiyo maana madaktari wengi huanza na heparini ya sindano.