Sikio la bibi tumeshaliona, zimeni video

Jumapili iliyopita kaka yangu aliye Dubai alizungumza na hereni kwa dakika kumi na nne. Bibi yetu yuko hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12, na kwake yeye simu ni ya kuwekwa sikioni, iwe na picha isiwe nayo. Ukimwambia "Bibi, iweke mbele," anaiweka mbele, anasema "Ehe, nimekuona," kisha anairudisha sikioni.

Hilo ningelivumilia. Tatizo ni kwamba kusikilizana kwenyewe hakukuwepo. "Shikamoo bibi" ilifika "shi... bi". Wajukuu wakaanza kulaumu waifai, kwamba haina spidi, eti tununue kifurushi kikubwa zaidi.

Spidi haikuwa na kosa. Simu ya intaneti huikata sauti vipande vidogo, kila kimoja kwa kawaida kama sehemu ya hamsini ya sekunde, na kuvituma kimoja kimoja. Ujumbe wa maandishi ukichelewa unasubiriwa. Kipande cha sauti kikichelewa kinatupwa, maana mazungumzo yameshapita. Ndiyo maana neno linafika na pengo katikati. Kinachotakiwa ni njia tulivu, na sauti peke yake haili sana: mfumo wa kubana sauti uitwao Opus, uliotoka 2012, hutoa mazungumzo safi kwa kilobiti 24 tu kwa sekunde. Video hudai mamia. Sasa fikiria nyumba ambayo mjomba anatazama mpira sebuleni, watoto wako TikTok, na bibi kakaa uani, kuta tatu kutoka kwenye ruta. Simu yake inang'ang'ania waifai ya mstari mmoja, na juu ya mstari huo tunapitisha picha ya sikio.

(Kama ruta yako ina mitandao miwili, mtu wa uani muunge kwenye gigahezi 2.4. Ile ya 5 ina kasi, lakini ukuta unaishinda mapema.)

Huko Dubai nako kuna mambo yake. Kupiga kwa WhatsApp kumezuiwa, kwa hiyo kaka anatumia Botim, na ilibidi bibi naye awekewe. Hapo sina la kusema, sheria ya mwenyeji ni ya mwenyeji.

Ila nadhani video hatuing'ang'anii kwa mapenzi. Ni kuchunguzana. Mtu akizima kamera tu: "Mbona giza? Uko wapi? Uko na nani?" Mume yuko Muscat, mke yuko Chumbageni, simu imegeuka askari wa doria. Mtoto mchanga nionyesheni, kitambaa cha harusi nionyesheni, hata dari ya chumba ulichopanga nitaitazama. Habari za siku nzima nipe kwa mdomo.

Juzi kaka alipopiga nikaizima video bila kuomba ruhusa. Mjomba nikamsihi apumzishe mpira kidogo. Bibi akasalimiwa, akaitikia marahaba, akanyamaza anasikiliza. Kaka akaendelea kusimulia kazi, joto, kodi ya nyumba.

"Baba," bibi akamkatiza, "hicho kikohozi umeanza nacho lini?"

Upande wa pili kimya. Nikadhani mtandao umekata.