Vumbi Utalibeba Lini?

Ubao wa tisa wa jahazi langu la mezani umepasuka. Umepasukia palepale ulipopasukia wa nane, kwenye omo, mbele ya chombo, mahali unapotakiwa kujikunja kwa adabu na kulala kwenye mkuku, uti wa mgongo wa chombo. Mwezi wa saba huu wa Dodoma visigino vyenyewe vinapasuka na vimepakwa mafuta ya mgando; ubao wa milimita 1.5 utasalimika kwa lipi?

Najua mtakalosema: uloweke. Umelowekwa! Nusu saa kwenye maji ya moto, ukakunjwa polepole juu ya pasi. Umeme ukaamua kwenda zake katikati ya kona. Basi nawashauri wajenzi wenzangu wa meli za mezani: pasi ya mkaa. Msicheke, haijui mgao. Na ubao ukishakunjika, ubane kwenye mataruma, mbavu za chombo, ukaukie hapo mpaka kesho, ndipo upake gundi nyeupe. Ukiugandisha na maji yake, hewa ya huku inayanyonya, ubao unasinyaa, na asubuhi kati ya ubao na ubao unaona mpaka sebuleni.

Akiba ndiyo hiyo imekwisha. Boksi la vipande vya kuunganisha lilitoka Ulaya na mbao za kuhesabu, kama nyama kwenye pilau ya msiba. Nikabeba kipande cha mninga cha inchi moja, nikachomekea shati, nikaenda kwa fundi wa vitanda.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kitanda?”

“Hapana. Naomba unichanie vipande vya milimita moja na nusu.”

“Sentimita.”

“Milimita.”

Akamwangalia kijana wake. Kijana akazima redio.

“Bosi, hizo ni mbao au njiti?”

Nikaeleza kwa heshima zote kwamba ni mbao za ubavuni, za jahazi. Akauliza linabeba watu wangapi. Nikasema ni dogo, kipimo cha 1 kwa 50. Mtu wa sentimita 170 humo ndani anakuwa milimita 34. Akaipima hiyo 34 kwenye kidole gumba chake. Akamfikiria yule mtu. “Na anakula nini?”

Kisha akapiga hesabu, na hapo ndipo heshima yangu ilipoanza kulegea. Msumeno wake wa mviringo unakula milimita 3. Mimi nataka 1.5. Kila nikipata ubao mmoja, vumbi linapata mbao mbili. Inchi nzima, milimita 25, inatoa vipande vitano: mbao milimita 7.5, vumbi milimita 15, na kamasalio kasikokuwa na kazi.

“Bosi,” akasema kwa sauti ya daktari, “wewe unanunua vumbi, mbao unapewa nyongeza. Vumbi utalibeba lini?”

“Silitaki!”

“Basi nitawapa wafuga kuku. Ila kuchana utalipa.”

Nikalipa! Mninga wangu, vumbi langu, linalaliwa na kuku wa mtu! Na katika hivyo vitano, viwili viliruka vikavunjika, kwa sababu msumeno wa meno makubwa hauna huruma na kitu chembamba. Yanatakiwa meno madogo, ya karibu karibu, na kijiti cha kusukumia badala ya vidole.

Mengine ni madogo. Mkuku wa plaiwudi ulifika umepinda kama ndizi. Uulaze juu ya kioo, uunyooshe kabla hujagusa gundi. Mataruma ya omo na ya tezi, nyuma ya chombo, yakatwe hanamu, yaani mshazari, kwa msasa namba 120, la sivyo ubao unagusa ncha tu na gundi inashika hewa. Ukibandika ubao wa kushoto, bandika na wa kulia. Ukimaliza upande mmoja kwanza, chombo kizima kinajivuta kuelekea huko.

Milingoti ya boksi, miwili, ya Kizungu, imelalia nyuma, niliitupa. Jahazi linataka mlingoti unaoinamia omo, na foromali ndefu, mti wa kuning'inizia tanga, wa vipande vilivyofungwa kwa kamba. Tanga ni kitambaa cha marekani kilichochemshwa na majani ya chai, maana jeupe pee ni la harusi. Uzi wa kamba uupitishe kwenye nta ya nyuki, ulaze vinyweleo. Kwa kipimo hiki uzi usio na nta unaonekana umeota ndevu. Nta siyo shida, Singida si hapo tu.

Shida ni vibanio. Ubao mmoja unataka kibanio kila taruma, mataruma 11, pande mbili: 22. Vibanio vyote vya nguo vya nyumba hii viko mbavuni mwa jahazi, na leo ni siku ya mashuka. Niliyaning'iniza hivihivi nikamwachia Mungu. Upepo wa saa nane umefika. Shuka la buluu limejaa, limeng'oka, limepita juu ya ukuta bila foromali wala mlingoti, limetia nanga kwenye mwarobaini wa jirani. Jirani anapiga hodi. Mama watoto yuko mlangoni, anahesabu.

Ishirini na mbili, mama. Hicho cha tezini usikitoe, gundi haijakauka.