Krediti 120 za Huku na Ratiba ya Mlimani

Mwezi uliopita mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na kupata nafasi mbili, moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na nyingine huku Marekani, katika jimbo la Ohio ninakoishi, aliniuliza swali lililoonekana jepesi: "Mjomba, huko baiolojia mnasoma kozi zipi?" Nilianza kumwandikia orodha, nikakwama kwenye mstari wa tatu, kwa sababu huku hakuna orodha. Kuna masharti, na mwanafunzi mwenyewe ndiye anayetakiwa kuyageuza kuwa ratiba. Watu wengi nyumbani hulinganisha elimu ya huku na ya kwetu kwa majengo na vifaa vya maabara, ilhali mimi kilichonigharimu kilikuwa karatasi moja ya mpangilio wa kozi, ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kuichora.

Nianze na hesabu, maana ndipo wengi hupotea. Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ina krediti 120 kwa miaka 4. Ya kwetu, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, haipungui krediti 360 kwa miaka 3. Anayezisoma tarakimu hizo harakaharaka hudhani kwamba huku ni mteremko. Lakini krediti moja ya Tanzania ni saa 10 za kujifunza, za darasani na za kujisomea zikijumlishwa, na krediti moja ya Marekani ni saa 1 ya darasani kila wiki pamoja na nyingine 2 za kujisomea, kwa wiki zipatazo 15, yaani takriban saa 45. Ukizidisha, kwetu unapata saa 3,600 na huku saa 5,400. Ukigawa kwa miaka, ni 1,200 kwa 1,350. Mzigo wa kila mwaka unakaribiana. Kilichozidi ni mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo huliwa na kozi za elimu ya jumla, kama uandishi, historia, sanaa na lugha, ambazo mwanafunzi wa sayansi wa Mlimani huzionja kidogo tu kupitia Taaluma za Maendeleo na stadi za mawasiliano.

Dada yangu, ambaye ndiye mama wa huyo mpwa, alisoma mikrobiolojia Mlimani. Uamuzi wake mkubwa aliufanya mapema mno: tahasusi aliichagua akiwa msichana anayetoka kidato cha nne, na programu aliichagua siku ya kuomba chuo. Baada ya hapo kozi za lazima zilikuwa zimekwisha kupangwa muhula kwa muhula, na za hiari zilihesabika kwa vidole. Hakuwahi kukaa usiku akijiuliza kama jenetiki itafundishwa muhula ujao au mwaka ujao. Kundi lililoanza naye ndilo aliloendelea nalo. Waligawana noti, waliulizana maswali ya mitihani iliyopita, na aliyeanguka somo alijulikana, akasaidiwa kabla ya kurudia mtihani, au sapu kama wanavyoiita. Nasema hivyo bila kupamba. Alilalamika sana juu ya maabara zenye hadubini moja kwa watu wanane, lakini hakuna hata siku moja aliyolalamika kwamba hajui asome nini.

Huku kozi zimefungwa kwa mnyororo ambao hauonekani mpaka ukukabe. Huwezi kusoma baiokemia kabla ya kemia oganiki, na oganiki yenyewe, ambayo ni mihula miwili, hairuhusiwi kabla ya mihula miwili ya kemia ya jumla. Hiyo ni mihula mitano mfululizo, na katika vyuo vidogo kila sehemu hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Aliyeanza kemia muhula wa kwanza anafika baiokemia muhula wa tano akiwa na nafasi ya kusoma kozi za juu zinazoitegemea. Aliyeanza mwaka wa pili anafika muhula wa saba, na amebakiwa na muhula mmoja. Sambamba na mnyororo huo kuna mwingine, wa baiolojia ya utangulizi kuelekea jenetiki, kisha baiolojia ya seli, na pembeni zinasubiri fizikia, kalkulasi na takwimu. (Vipindi vya maabara huchukua saa tatu za mchana na aghalabu huhesabiwa krediti 1 tu. Sijapata kuelezwa sababu nikaridhika.)

Mimi niliingia kwenye mtego huo wa kuanza kemia mwaka wa pili. Mshauri wangu wa masomo, kwa nia njema kabisa, alinipangia krediti 12 katika kila muhula wa mwaka wa kwanza ili nizoee mazingira, na kemia akaiahirisha. Krediti 12 zinatosha kisheria, kwa kuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1, yaani ya wanafunzi wa kigeni, hatakiwi kushuka chini ya hapo. Lakini 12 mara mihula 8 ni 96, si 120, na mimi niliyekuwa nikilipa ada ileile ambayo ningelipa kwa krediti 15 sikuifanya hesabu hiyo. Muhula wa tatu, Mkenya mmoja niliyekuwa naye meza moja ya maabara akaniuliza kwa nini narudia kemia ya kidato cha tano badala ya kupeleka cheti changu cha kidato cha sita kikafanyiwe tathmini ya krediti. Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Nilipokipeleka nilipewa krediti za baiolojia ya utangulizi. Muda wa kemia ulikuwa umeshapita. Nilimaliza kwa mihula tisa.

Lawama siigawi kwa mshauri peke yake. Nimekulia mahali ambapo mwanafunzi mwema husubiri tangazo libandikwe ukutani, na kuuliza "kwa nini nisome hiki kabla ya kile" huonekana ni ubishi. Tabia hiyo nilisafiri nayo.

Hata hivyo, utaratibu wa huku ulinipa kitu ambacho dada yangu hakukipata. Niliingia nikiwa na nia ya udaktari, ambao huku husomwa baada ya shahada ya kwanza, si moja kwa moja kutoka kidato cha sita kama katika chuo cha tiba cha Muhimbili. Mwaka wa tatu niligundua kwamba shule nyingi za udaktari hazipokei wasio raia wala wakazi wa kudumu, au hupokea wachache sana. Nikageukia ikolojia bila kubadilisha shahada na bila kupoteza kozi hata moja, kwa sababu msingi ni uleule. Nyumbani mtu wa mwaka wa tatu akibadili mawazo hivyo hana budi kuanza upya. Nilichopoteza ni kingine: ikolojia yangu yote imejengwa juu ya misitu inayopukutisha majani wakati wa baridi. Mialoni naitambua kwa jani moja, lakini mimea ya Usambara, inayowaleta watafiti kutoka bara hili hadi kwetu, naijua kwa picha.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka vyuo vyetu viige uhuru wa huku wote. Uhuru wa kuchagua kozi bila mshauri mwenye muda ni ghali, na washauri wetu wana wanafunzi wengi kuliko saa zao. Ningependa programu zetu za sayansi za viumbe zishirikiane mwaka wa kwanza mmoja, ili anayeanza mikrobiolojia aweze kuishia kwenye sayansi ya wanyamapori, na kila programu ichapishe mchoro unaoonyesha kozi ipi imesimama juu ya ipi. Mchoro huo haugharimu hadubini.

Mpwa wangu amechagua Mlimani. Ada ndiyo iliyoamua, si hoja zangu. Juzi alinitumia picha ya ratiba ya muhula wa kwanza, nami nikamjibu kwa swali moja tu, kwamba amuulize mhadhiri wake wa kemia ni kozi zipi za mwaka wa tatu zitakazoitegemea. Ameniandikia kwamba anaona haya kuuliza.