Mama, Toa Mkono Kwenye Kibodi

Mfumo wetu wa faili, yaani programu inayopanga data kwenye diski, uliandikwa na watu watatu kwa kupokezana. Kipande kilekile cha data, baiti 4096, wa kwanza alikiita block, wa pili chunk, na wa tatu, Mungu amsamehe, alitumia yote mawili, wakati mwingine kwenye mstari mmoja. Mkuu akachoka: "Kuanzia leo ni block tu. Na sector nayo iondoke!"

Hiyo ya sector nilimkatalia. Kwenye kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, sector (sekta, kipimo cha nafasi kwenye diski) huhesabiwa baiti 512 hata diski iwe ya aina gani. Ukiichanganya na block, unasoma data ya jirani. Akakubali shingo upande. Kazi akapewa dogo aliyekuja kwa mafunzo.

Dogo akaita sed, programu ya kubadilisha maneno ndani ya faili, akaiambia isijali herufi kubwa wala ndogo, kila chunk iwe block. Programu ikajengwa bila onyo hata moja, majaribio yote yakapita, wateja wakapelekewa Ijumaa jioni. (Ijumaa! Msiniulize.)

Jumamosi simu ikaita. Mama mmoja wa duka la vipuri:

"Kaka, mashine inasema diski haina kitu, inauliza ifomati. Nibonyeze ndiyo?"

"Mama, toa mkono kwenye kibodi!"

"Nimeutoa."

"Na wa pili?"

"Si ndio ulioshika simu!"

Mwanzoni mwa kila diski tuliweka saini ya herufi nane, CHUNKFS1, ili programu iitambue. Sed ilikuwa imeigeuza blockFS1. Urefu uleule, nani angelalamika? Na majaribio yetu hufomati diski mpya kwa saini mpya, kisha huisoma kwa saini hiyohiyo, yangefeli vipi? Saini ya ext4, mfumo wa faili wa Linux, ni namba, 0xEF53, haina neno la kubadilishwa. Waliowaza hivyo walishawahi kukaa na mkuu kama wetu.

Saini tukairudisha usiku huohuo. Kilichotuponyoka ni orodha ya vitu vya chai, ambayo mtu aliihifadhi folda moja na msimbo. Siagi ya karanga "chunky", ile yenye vipande vya karanga, ilikuwa imeshakuwa "blocky". Jumatatu dada wa chai akaingia na bonge la siagi ya kupikia, gumu kama tofali.

"Nani kaagiza hili?" mkuu akafoka.

Dogo akamfungulia orodha. Aliyeagiza ni mkuu mwenyewe.