Ufunguo wa pamoja wa sarafu za kripto: heri shari kamili

Waandishi wa programu wa Malindi na Lamu wanaoendesha nodi (kompyuta) za mitandao ya kripto wana ubishi usiokwisha juu ya kazi moja fupi: kuunda ufunguo wa pamoja. Ni dakika chache tu. Kompyuta nne, kumi au mia hupeana vipande vya namba, na mwishowe hutoka ufunguo mmoja wa umma, wa kupokelea pesa, ambao siri yake, ya kuitolea, haikai nzima kwenye kompyuta yoyote. Kundi moja lataka programu ipimwe kama inaweza kumaliza kazi hata nodi ikizimika katikati. Kundi la pili lasema hayo ni mashaka ya bure: nodi moja ikikohoa, zote zisimame, zifute, zianze upya. Hawa wa pili huitwa wavivu, nami naona wameonewa.

Wanaotaka ustahimilivu wana hoja nzito, na ni ya zamani. Katika itifaki (kanuni za mazungumzo ya nodi) ya mtafiti Pedersen ya mwaka 1991, kila nodi hutunga polinomia yake ya siri (hesabu inayofichuka vipande vya kutosha vikikusanywa), hutangaza ahadi za koefisienti zake (namba za kukagulia vipande bila kufichua siri), kisha hupeleka kipande kwa kila mwenzake. Anayepata kipande kibovu hulalamika, mshtakiwa hutakiwa kukitoa hadharani, na akishindwa hukatwa jina. Ufunguo hutokana na waliobaki kwenye orodha. Mtandao ukiwa mkubwa hakuna njia nyingine. Tuseme kila nodi ina uwezekano wa asilimia 99 wa kuwa hewani saa hiyo: zote 100 zitakuwapo pamoja kwa asilimia 37 tu. Uwezekano ukishuka hadi 95, mtakaa mkianza upya zaidi ya mara 160 kabla ya kufaulu mara moja. Ndiyo maana pochi za tBTC, mradi wa kupeleka bitcoin kwenye mtandao wa Ethereum, zenye nodi 100 na kizingiti (idadi ya chini inayotosha kutoa pesa) cha saini 51, hukubali matokeo hata wakibaki 90. Kwa nini 90, na si 51? Kwa sababu ufunguo uliozaliwa na watu 51 tu hufa siku mmoja wao anapopoteza diski. Kwa 90, wanaweza kupotea 39 na pesa bado ikatoka.

Lakini walio wengi huku pwani hawaendeshi nodi 100. Wanaendesha 4, kizingiti 3. Hesabu ile ile ya asilimia 99 inawapa 96 kwa jaribio la kwanza, na hata kwa 95 wanabaki na 81. Wakishindwa wanapoteza nini? Dakika tano na simu mbili tatu za kuulizana nani kakatika. Watafiti Komlo na Goldberg walipochapisha FROST, itifaki ya saini za pamoja, mwaka 2020 walichagua njia hiyo waziwazi: nodi ikikosea, itifaki inasimama. Programu ya Charon ya mradi wa Obol, inayogawa ufunguo wa mthibitishaji (nodi inayothibitisha miamala) wa Ethereum kwa waendeshaji kadhaa, nayo huwataka wote wawe mtandaoni kwa wakati mmoja siku ya kuuunda. Sidhani mtu atathubutu kuwaita hao wavivu.

Ustahimilivu una gharama, na gharama hiyo imejificha kwenye orodha ya waliobaki. Chukua nodi nne: Malindi, Lamu, Mombasa, Nairobi. Muda wa malalamiko ni sekunde 30. Lamu haikupata kipande kutoka Mombasa, inalalamika sekunde ya 29. Malindi inaupokea ujumbe huo kwenye 29.4. Nairobi, iliyo kwenye laini ya simu iliyoelemewa, inaupata kwenye 30.2 na kuutupa kwa kuwa muda umepita. Jibu la Mombasa halifiki kwa Malindi wala Lamu. Sasa Malindi na Lamu zimemkata Mombasa na kujumlisha polinomia tatu. Nairobi na Mombasa zimejumlisha nne. Pande zote mbili zinaandika kwenye logi kwamba kazi imekamilika salama. Kuna funguo mbili za umma, kila moja ina nodi mbili nyuma yake, na kizingiti ni 3. Programu ikionyesha anwani ya nodi iliyomaliza kwanza, pesa itakayotumwa hapo haina watu wa kuitoa. Unaweza kufikiri vipande vya awali vitakusanywa tena kwa mkono. Vingeweza, kama vingalikuwapo. Programu iliyoandikwa vizuri huvifuta mara tu baada ya kujumlisha, na inapaswa kufanya hivyo.

Methali yasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Hapa imepinduka. Shari kamili, yaani nodi zote nne kusimama na kupiga kelele, haimpotezei mtu hata senti. Nusu shari ndiyo inayomeza akiba.

Na nusu shari haipatikani kwa jaribio ambalo wengi hulifanya, la kuua kontena moja (programu ya nodi moja iliyofungiwa peke yake) na kutazama kama nyingine zitaendelea. Nodi iliyokufa imekufa kwa wote. Hakuna mgongano wa orodha. Inabidi kuchelewesha upande mmoja tu, kwa mfano kwa netem, chombo cha Linux cha kuchelewesha mtandao: tc qdisc add dev eth0 root netem delay 800ms 300ms kwenye nodi ya Nairobi peke yake. Kali zaidi ni kuigandisha nodi kwa kill -STOP kwenye sekunde ya 28 na kuiamsha kwa kill -CONT kwenye 31. Ikiamka, hukuta ujumbe uliojipanga kwenye bafa (foleni ya kumbukumbu) bila alama ya saa uliyofikia. Je, uliwahi au ulichelewa? Kila programu ina jibu lake, na mara nyingi mwandishi wake hakujua kwamba amelichagua. Ongeza tatizo la saa. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, haina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, huamka ikiishi wakati uliopita mpaka iulize seva ya saa. Kama muda wa malalamiko unapimwa kwa saa ya ukutani, yaani saa na tarehe ya kompyuta, nodi hiyo inaweza kuamini kwamba mlango bado uko wazi wakati wenzake wameshaufunga.

Hebu tuhesabu ukubwa wa jaribio lenyewe. Nodi 4 hupelekeana vipande 12. Kila kimoja kinaweza kukosekana, kuchelewa au kuharibika: hitilafu 36. Ukizipanga mbili mbili kwenye vipande tofauti, ni 594. Kila mzunguko ukichukua dakika 2, unamaliza ndani ya saa 20 kwenye laptopu moja. Nodi 10 hupelekeana vipande 90, na hitilafu za mbili mbili zinapanda hadi 36,045, yaani siku 50 mfululizo. Ni kweli kwamba ukiandika programu itumie saa bandia isiyosubiri muda halisi, siku 50 hushuka na kuwa saa chache, na anayejenga itifaki ya kuvumilia hitilafu hana udhuru wa kutofanya hivyo. Lakini tazama kinachokaguliwa mwisho wa kila jaribio. Kwa anayesimamisha kazi, jibu sahihi ni lile lile mara zote 594: hakuna anwani iliyotoka. Kwa anayevumilia, kila mpangilio una jibu lake: nani akatwe, nani abaki, na kama nodi zote zinakubaliana. Mwandishi wa jaribio analazimika kuiandika itifaki mara ya pili ili ajue jibu, na akikosea mara zote mbili kwa namna ile ile, jaribio litampongeza.

Dosari iliyotangazwa na kampuni ya usalama wa programu ya Trail of Bits Februari 2024 inaonyesha jambo hilo vizuri. Kwa kizingiti 3, kila nodi hutangaza ahadi 3. Nodi mbaya hutangaza 5. Vipande vyake vinalingana na ahadi zake, ukaguzi unapita, hakuna wa kulalamika, ufunguo wa umma unazaliwa. Ila polinomia ya jumla sasa inahitaji vipande 5 kuirudisha, na nodi ziko 4. Utaratibu mzima wa malalamiko haukusaidia kitu pale. Dawa ni mstari mmoja: hesabu ahadi, zikizidi au kupungua, simama.

Huku kwetu kuna sababu nyingine inayopunguza thamani ya kuvumilia nodi moja katika nne. Hesabu za asilimia hapo juu zinadhani kila nodi huanguka kivyake. Umeme wa gridi wa Lamu hufika kwa laini ya kilovolti 220 ya Rabai, Malindi, Garsen, Lamu. Ikikatika kati ya Rabai na Malindi, nodi mbili zimeondoka kwa pigo moja. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja. Anayetaka ustahimilivu wa kweli aanze kwa kuuliza nodi zake zinashirikiana nini: transfoma, kampuni ya intaneti, akaunti ya seva za kukodi. Daraja la Multichain, la kuhamisha sarafu kati ya mitandao ya kripto, lilikuwa na ufunguo uliogawanywa kwa nodi nyingi. Julai 2023 mradi wenyewe ulieleza kwamba seva zote zilikuwa chini ya akaunti ya mkurugenzi wake, aliyekuwa amekamatwa China.

Kuanza upya nako kuna masharti, na hapa ndipo baadhi ya watetezi wake hustahili lawama. Polinomia lazima iwe mpya kila jaribio. Mshtakiwa akitoa vipande 2 hadharani leo na kingine kesho kutoka polinomia ile ile, kizingiti 3 kimefikiwa na siri yake i wazi kwa kila mtu. Pili, anayeweza kuona ufunguo kabla ya wengine na kuvunja kazi asipoupenda anaweza kuuelekeza kidogo. Hoja hii hutajwa sana dhidi ya kuanza upya, lakini mtafiti Gennaro na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba itifaki ya Pedersen, pamoja na ustahimilivu wake, nayo huruhusu kuegemeza biti moja (0 au 1) ya ufunguo kwa uwezekano wa robo tatu. Na mwaka 2003 wakaonyesha kwamba kwa saini za Schnorr, aina inayotolewa na FROST, upendeleo huo hauharibu usalama. Tatu, mhuni anayevunja kila mara. Katika kikundi cha wanne anajulikana kwa jina na atatolewa. Katika mtandao wa wageni 100 atawasimamisha milele, na hapo tumerudi kwa wenye ustahimilivu.

Kabla anwani haijaonyeshwa, basi, nodi zote nne zitie saini muhtasari mmoja wa ujumbe wote uliopita, na kila moja iwe imeshaandika kipande chake kwenye diski. Hili la diski halipimwi kwa kill -9, amri ya kuua programu ghafla: mchakato hufa lakini mfumo endeshi bado una data kwenye kumbukumbu na utaiandika. Chomoa waya wa umeme, washa tena, soma faili. Kisha weka kiasi kidogo na ukitoe kwa kila kundi la watatu. Kwa nodi 4 makundi ni 4, kwa nodi 7 zenye kizingiti 5 ni 21, kwa 10 zenye kizingiti 7 ni 120. Kwa 51 kati ya 100 idadi ina tarakimu 29, kwa hiyo pale kila kipande kilinganishwe tu na ahadi zilizotangazwa, baada ya kuzihesabu.